Vinundu vya Kabete: Historia Fupi ya MIRCEN ya Nairobi, Kama Inavyosimuliwa Ndosho

Mwaka 2027 kituo cha MIRCEN cha Nairobi kitatimiza miaka 50. Kuna atakayeuliza mtu wa Goma anaingiaje katika sherehe za Wakenya. Anaingia kupitia maharagwe. Ndosho, mtaa wetu wa Goma, iko kwenye barabara ya Sake, na amani ikiwepo malori ya maharagwe ya Masisi hutupitia hapa mlangoni. Nyuma ya kila gunia kuna kazi ya bakteria waitwao raizobia, wanaojenga vinundu kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, ila mmea hauwezi kuila ikiwa mbichi. Raizobia ndio wapishi wake. Kwa mkulima asiyemudu hata kilo moja ya urea, hilo si jambo dogo.

Kituo kilizaliwa katika miaka migumu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda, na mbolea ya viwandani, ambayo hula nishati nyingi kuitengeneza, ikapanda nayo. UNESCO, pamoja na UNEP iliyokuwa ndiyo kwanza imehamia Nairobi, wakaanzisha mtandao wa MIRCEN, yaani vituo vya kutunza na kutumia vijidudu vyenye faida. Porto Alegre kule Brazil walipata chao cha raizobia, Hawaii chao, na mwaka 1977 Afrika Mashariki ikapata chake katika Idara ya Sayansi ya Udongo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Hawakuanzia patupu. Bumpus alikwisha kuandika habari za vinundu vya Kenya mwaka 1957, na De Souza akafuata mwaka 1969. Lakini karatasi ni karatasi. Kilichokosekana ni nyumba yenye watu ndani.

Mtu wa kwanza kutajwa ni Profesa Shellemiah Keya, aliyekiongoza kituo katika miaka yake ya mwanzo. Mwaka 1975, pamoja na Martin Alexander wa Cornell, alichapisha utafiti kuhusu Bdellovibrio, bakteria mdogo anayewawinda raizobia na kuwala. Swali lao lilikuwa zuri kweli: kama mwindaji huyu yumo udongoni, mbona raizobia hawatoweki? Walionyesha kwamba jibu limo katika wingi wa windo. Raizobia wakipungua sana, mwindaji hakutani nao tena kirahisi, na waliosalia huzaana upya. Mimi huona kwamba mtu aliyeanza kwa kumjua adui wa raizobia ndiye hasa aliyestahili kukabidhiwa malezi yao. Baadaye Keya akawa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, na sisi wa udongo tukajisikia tumepanda cheo pamoja naye.

Kazi yenyewe haikuwa ya makamera. Unang'oa mmea taratibu bila kukata mizizi, unaosha kinundu, unaua vijidudu vya nje yake, unakiponda na kupaka maji yake kwenye sahani ya chakula cha hamira na sukari ya manitoli. Chakula hicho hutiwa rangi iitwayo nyekundu ya Kongo (Wajerumani ndio walioipa jina hilo, miaka ileile ya Mkutano wa Berlin, hatukuulizwa). Raizobia hawainywi sana, hivyo makundi yao hubaki meupe, yenye utelezi, katikati ya wekundu. Ukishawapata lazima uwahamishie chakula kipya kila baada ya muda, mwaka baada ya mwaka. Asipokuwepo wa kuwahamisha, wanakufa, na jina kwenye daftari halitawafufua.

Lakini Kabete walijipatia sifa katika kuwafikisha bakteria hao shambani. Nchi nyingine ziliwabeba bakteria wao ndani ya mboji maalumu ya kuchimbwa kwenye vinamasi. Kabete wakatumia tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa, taka ya bure, na chanjo yao ya mbegu wakaiita Biofix. Mkulima analowanisha mbegu kwa gundi, anachanganya na unga mweusi wa pakiti kivulini, anapanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Wiki kadhaa baadaye anachimba na kupasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu.

Julai 1984 Nairobi ilipokea mkutano wa kwanza wa chama cha Afrika cha watafiti wa uvunaji wa naitrojeni ya hewani. Makala zake zilihaririwa na Ssali na Keya, zikatolewa na kituo chenyewe mwaka 1985. Kitabu kile kilisomwa hadi kikalegea jalada.

Miaka ya 1990 wafadhili walikuwa na mambo mengine. Tuseme hivyo, tupite.

Profesa Nancy Karanja akashika usukani na kuilinda benki ya bakteria. Mpango wa TSBF wa rutuba ya udongo, jirani wa Nairobi, ukaungana na kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT mwaka 2001. Biofix ikapewa kampuni ya MEA kuitengeneza kibiashara. Mwaka 2009 ukaja mradi wa N2Africa, ukaleta chanjo ya soya na maharagwe hadi Kivu Kusini.

Kwetu Kivu Kaskazini somo la umuhimu wa maabara lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2001 migomba ya Masisi ilianza kunyauka, ikikatwa inatoa usaha wa manjano. Profesa Ndungo wa Butembo na wenzake walifuatilia, lakini mpaka ithibitishwe kwamba ni bakteria wa Xanthomonas, sampuli zilibidi zisafiri hadi Uingereza, na wakati huo ugonjwa ulikuwa ukitembea shamba kwa shamba kwa panga la mkulima.

Nimesikia wengi wakisema tunataka jengo kama la Kabete hapa Goma. Jengo tutalipata siku moja. Ila kwanza tupelekeeni vijana wawili watatu wajifunze kuhamisha sahani. Na sherehe za 2027 zikifika, wale mafundi wa maabara waliokuwa wakiosha vyombo tangu enzi za Keya wapewe viti vya mbele, kabla ya mawaziri.