Mwalimu Aliyesoma Huku Akifundisha

Leo tutazungumza habari za walimu waliojifunza kazi yao kidogo kidogo, huku wanaifanya. Tena tutauliza swali moja: cheti cha mwalimu kishuhudie jambo gani?

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule zimjenge mtoto mwenye akili ya kuuliza, anayeweza kujifunza kwa wenzake na kujiamini. Utaona mara moja kwamba mtoto wa namna hiyo hapatikani ikiwa kazi yake darasani ni kunyamaza na kuitikia tu. Lazima apate mwalimu anayejua kumwachia nafasi ya kufikiri.

Basi, Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ikaamua kwamba watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, wala wasingoje hadi 1989 kama ilivyopangwa kwanza. Wanafunzi waliokuwa zaidi kidogo ya milioni 1 mwaka 1974 walipita milioni 3 mwaka 1980. Je, walimu wangetoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo havikutosha hata kidogo.

Dawa ilikuwa hii. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa wajifunze ualimu huko huko vijijini kwa miaka mitatu. Asubuhi kijana alifundisha madarasa ya chini, akiangaliwa na mwalimu mzoefu. Mchana alisoma masomo yaliyoletwa kwa posta, akasikiliza vipindi vya redio, akajadiliana na wenzake. Wakufunzi walizunguka kuwatembelea. Mwisho walikaa chuoni wiki sita, wakafanya mtihani. Zaidi ya 35,000 walipata vyeti kwa njia hiyo.

Watu wenye mzaha walizichukua herufi UPE, jina la mpango huo kwa Kiingereza, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo uliwachoma wengi waliokuwa wakifanya kazi ngumu, kwani pasipo wao watoto wengi wa vijijini wasingeijua hata herufi ya kwanza.

Hata hivyo tusifunike udhaifu. Madarasa yalijaa, vitabu vilipungua, na mkufunzi mmoja alikuwa na vijana wengi wa kuwatazama. Mtihani wa karatasi ulipima yale aliyoyakumbuka mwalimu. Haukuweza kuona kama mtoto wa nyuma kabisa amepata kuuliza swali.

Siku hizi yako mafunzo yanayojaribu kuliziba pengo hilo kwa vyeti vidogo vidogo. Nchini Marekani shirika la Digital Promise lilianza kuvitoa kwa walimu mwaka 2014. Kila cheti ni cha ustadi mmoja tu, kwa mfano kuongoza mazungumzo ya wanafunzi. Mwalimu huutumia ustadi huo darasani kwake, kisha hupeleka ushahidi, kama vile kazi za wanafunzi au picha za somo lenyewe, upimwe na wengine. Na hapa Tanzania, mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, huwakutanisha walimu shuleni kwao wafundishane.

Kujifunza kidogo kidogo si aibu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijazwa makapi, hakuna atakayeshiba. Cheti, kiwe kikubwa au kidogo, kina thamani ikiwa aliyekitoa ameona watoto wakifikiri mbele ya mwalimu yule.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu:

1. Kwa nini mtihani wa karatasi hautoshi kumpima mwalimu?

2. Mkiingia darasani katika shule ya kijijini kwenu, ni dalili gani zitawaonyesha kwamba watoto wanafikiri wenyewe?