Ifahamu Drudkh: bendi ya Ukraine isiyopanda jukwaani, lakini haiishiwi mizozo

Bendi nyingi huishi kwa jukwaa. Drudkh hawajawahi hata kulipanda. Tangu 2002 kundi hili la Kharkiv, mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine, limetoa albamu zaidi ya kumi bila kufanya shoo hata moja. Mahojiano yao ni ya kuhesabu kwa vidole.

Hata hivyo, jina lao likitajwa tu kwenye mjadala wa muziki, kuna swali halikawii kuja: hawa jamaa ni Wanazi, au wanasingiziwa?

Swali hilo lilikuwa la mashabiki wachache mpaka 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine ikisema inakwenda "kuondoa Unazi". Kharkiv, iliyo karibu kabisa na mpaka wa Urusi, ilianza kupigwa mabomu siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo kulijibu ovyo ovyo sasa hivi, upande wowote ule, si jambo dogo.

Muziki wenyewe ukoje?

Drudkh wanapiga bleki metali. Kama hujawahi kuisikia, ni tawi la roki lenye magitaa ya kukwaruza, ngoma za kasi ya ajabu na sauti ya kupiga mayowe. Sifa yake mbaya ilitoka Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wanamuziki walipochoma makanisa na mmoja wao, Euronymous wa bendi ya Mayhem, akauawa na mwanamuziki mwenzake mwaka 1993.

Drudkh walichukua sauti hiyo lakini wakaachana na habari za shetani. Wao wanaimba misitu, majira ya mwaka, historia ya Ukraine na mashairi. Albamu ya kwanza, Forgotten Legends ya 2003, ina nyimbo ndefu ajabu, mojawapo ikipita robo saa. Mwaka uliofuata ikaja Autumn Aurora, inayohusu vuli na msitu. Ukitaka kuwajaribu, anza na hiyo. Ina huzuni tamu, na hata asiyependa makelele anaweza kuivumilia.

Kiongozi ni mpiga gitaa Roman Saenko. Mwimbaji anajulikana kwa jina la Thurios. Baadaye waliongezeka Krechet kwenye besi na Vlad kwenye ngoma.

Maneno mengi hawatungi wenyewe, wanayatoa kwa washairi wa Ukraine. The Swan Road ya 2005 ilimchukua Taras Shevchenko, aliyezaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1814, akakombolewa kwa fedha mwaka 1838, kisha akapelekwa uhamishoni na mfalme wa Urusi na kukatazwa kuandika. Albamu hiyo inafungwa na wimbo wa mtindo wa kobzar, yaani manju wa Kiukreni wa zamani, na unapigwa kwa bandura, ala yao ya nyuzi nyingi. Na mjue Kharkiv ni mji ambao watu wengi walikulia Kirusi. Kuimba kwa Kiukreni pale, tangu mwanzo, kulikuwa na maana yake.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika

Mwaka 2006 walitoa Blood in Our Wells. Kimuziki wengi wanaihesabu kuwa kazi yao bora. Lakini waliitoa kwa heshima ya Stepan Bandera, na wimbo wa mwisho wakaupa jina la Jeshi la Waasi la Ukraine, UPA.

Bandera ni nani? Inategemea unamuuliza nani. Kwa Waukreni wengi, hasa wa magharibi, ni mpigania uhuru. Aliongoza tawi moja la chama cha wazalendo, OUN. Wajerumani walipoingia mwaka 1941, wafuasi wake walitangaza taifa huru mjini Lviv bila ruhusa, naye akakamatwa na kufungwa katika kambi ya Sachsenhausen hadi 1944. Mwaka 1959 ajenti wa KGB alimuua kwa sumu mjini Munich.

Kwa Wapoland na Wayahudi hadithi ni nyingine kabisa. Watu wa OUN walishiriki mashambulizi dhidi ya Wayahudi mwaka 1941. UPA, iliyoundwa 1942 Bandera akiwa kizuizini, iliua makumi ya maelfu ya raia wa Kipoland katika eneo la Volhynia na jirani zake, hasa 1943 na 1944. Bunge la Poland liliyaita mauaji hayo ya kimbari mwaka 2016.

Hata Ukraine kwenyewe hawajakubaliana. Rais Viktor Yushchenko alimpa Bandera cheo cha Shujaa wa Ukraine Januari 2010, kisha mahakama ikakifuta.

Kwa hiyo kumwita kila anayemheshimu Bandera Mnazi ni kurahisisha mno, maana Wanazi wenyewe walimfunga. Ila kuweka jina la UPA kwenye albamu na kunyamaza kuhusu waliochinjwa Volhynia, huo nao ni uamuzi. Haukutokea kwa bahati mbaya.

Na kuna mengine yaliyochochea moto. Kabla ya Drudkh, Saenko alikuwa na Hate Forest, bendi ambayo wakosoaji waliiweka kwenye kundi la bleki metali ya Kinazi. Jina la albamu yake ya 2003, Purity, yaani usafi, halikusaidia. Lebo ya Uingereza iliyotoa kazi za mwanzo za Drudkh, Supernal Music, mmiliki wake alikuja kujulikana kama mwandishi wa mrengo mkali wa kulia. Halafu Kharkiv hiyo hiyo ina Nokturnal Mortum. Hao hawakuficha: albamu yao ya 1999, NeChrist, ina wimbo ambao jina lake lenyewe linataja roho ya Kiarya. Ukitoka mtaa mmoja na watu kama hao, jirani atakuuliza.

Drudkh walijibu kwa tamko. Kwa ufupi walisema wao si bendi ya siasa, hawaungi mkono chama chochote, na kwamba wanaotaka kuwaweka kulia au kushoto wana akili finyu. Jibu la mtu aliyekereka. Bandera hawakumgusa vya kutosha kwa watu kuridhika, na kwa kuwa hawapandi jukwaani na hawapendi kuhojiwa, hakuna pa kuwabana.

Ukimya huohuo ndio uliowajengea jina. Mashabiki wanaupenda, wanasema muziki ujisemee wenyewe. Sawa, lakini mtu aliyeandika jina la mwanasiasa kwenye kazi yake hawezi kusema eti muziki wake hauna siasa.

Soko halikuwafungia mlango. Mwaka 2009 walihamia Season of Mist, lebo kubwa ya Ufaransa, wakaanza na Microcosmos. Mwaka 2011 Neige, kiongozi wa bendi ya Kifaransa ya Alcest, aliimba katika mradi wa pamoja na wanachama wa Drudkh ulioitwa Old Silver Key.

Baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014, ikaja A Furrow Cut Short ya 2015, yenye wimbo uliopewa washairi wasiopiga magoti. They Often See Dreams About the Spring ya 2018 ikarudi kwa washairi wa mwanzoni mwa karne ya 20, kizazi ambacho wengi wake walipigwa risasi zama za Stalin. Maik Yohansen, mmoja wa kizazi hicho aliyeishi na kuandika Kharkiv, aliuawa mwaka 1937.

Novemba 2022, mji wao ukiwa bado unashambuliwa, walitoa All Belong to the Night. Nyimbo nne tu, ndefu kama kawaida yao. Shoo hawakufanya.