Nani Aonwe Kwanza? Foleni ya Wagonjwa Katika Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipoingia Unyakyusa mwaka 1891, walikuta tiba yenye utaratibu wake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, walieleza jinsi ugonjwa mzito ulivyogeuka shauri la ukoo na kijiji: mizimu imekasirishwa na nini, jirani yupi ana kinyongo. Kilichotafutwa kwanza ni chanzo. Swali la nani atangulie miongoni mwa wagonjwa wengi wasiojuana lilikuja na zahanati.

Na lilipokuja, lilijibiwa kwa cheo. Wajerumani walijenga Langenburg ya kwanza ufukweni, kisha wakahamishia makao yao Tukuyu. Tiba ya serikali yao ilikuwa mikononi mwa madaktari wa jeshi, na ililenga kwanza maofisa na askari. Septemba 1914 majeshi yao yalivuka mto Songwe kuishambulia Karonga, na vita vikaendelea Afrika Mashariki kwa miaka minne. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na wao ndio waliotazamwa mwisho. Lakini zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alikwisha kushikilia kwamba majeruhi aliye hatarini zaidi atangulie bila kujali cheo. Wazo lilikuwepo, ila wakuu wa majeshi hawakuona kuwa linamhusu mpagazi.

Baadaye cheo kiliachia nafasi utaratibu tunaoujua sote: anayewahi ndiye anayeonwa. Unafika alfajiri, unachukua kadi, unakaa kwenye benchi. Utaratibu huu unaonekana wa haki, na ndiyo maana umedumu. Kyela ni bonde la joto, mvua nyingi na mpunga, hivyo malaria haiondoki. Mtoto mwenye malaria kali aliyetoka mbali na kufika saa nne asubuhi anakaa nyuma ya mtu mzima anayeumwa mgongo aliyefika saa kumi na mbili. Hakuna aliyemwonea, lakini anaweza kufa akiwa kwenye benchi.

Jibu lililo karibu nasi zaidi lilitoka ng'ambo ya Songwe, Malawi. Katika idara ya watoto ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi mwanzoni mwa miaka ya 2000: kila mtoto atazamwe mara anapofika, na aliye hatarini atibiwe palepale. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikufa 10 hadi 18. Baadaye wakawa 6 hadi 8. Matokeo haya hayakutokana na dawa mpya. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio wa kazi na mafunzo ya wahudumu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mafunzo ya aina hiyo kwa ajili ya hospitali za nchi kama zetu.

Anachotazama muuguzi si kingi. Je, mtoto anapumua kwa shida, au midomo na ulimi vimegeuka bluu? Mikono ni ya baridi? Ukibonyeza ukucha, wekundu unachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi? Ana degedege, au amepoteza fahamu? Anaharisha na macho yameingia ndani? Haya yote hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu mmoja aliyefunzwa, asimame mlangoni, na apewe mamlaka ya kuvunja foleni. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu walio kwenye benchi watanung'unika, na muuguzi asiyeungwa mkono na wakubwa wake atarudi kwenye kadi.

Nchini kwetu Tanzania, idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2010. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, ulijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Naheshimu majengo hayo, ila jengo halichambui wagonjwa kwa uzito wa hali zao.

Kuchambua kwenyewe si kugeni katika pwani hii. Kipindupindu kimefundisha. Kwenye kambi za kipindupindu hakuna anayeuliza nani kawahi: ngozi ya tumbo inafinywa, na ikikawia sekunde mbili au zaidi kurudi, pamoja na dalili nyingine ya kukaukiwa maji sana, dripu inatangulia; anayeweza kunywa anapewa maji ya chumvi na sukari. Sioni kwa nini nidhamu hiyo ivunjwe pamoja na mahema mlipuko unapokwisha.

Na kabla ya muuguzi, ziwa lenyewe linachambua. Kutoka Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, watu wamezoea kusafiri kwa mtumbwi hadi Matema, kwenye hospitali ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), na mawimbi yakichafuka hakuna safari. Wakati wa masika, mito ya Kiwira na Mbaka hufurika. Kutoka Kyela hadi hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda milima. Kwa hiyo alama zilezile za hatari zinapaswa kujulikana na mhudumu wa zahanati, na barua ya rufaa iandike pumzi, mapigo ya moyo, fahamu, na saa zilipopimwa, ili anayepokea aone kama mgonjwa amezidiwa njiani.