MFAHAMU FUNZA WA VITUMBA: MDUDU MMOJA, MAZAO KIBAO

Leo naweka darasa fupi kuhusu mdudu anayewarudisha nyuma wakulima wetu: funza wa vitumba. Wataalamu wanamwita Helicoverpa armigera.

Jina limetokana na pamba, maana anatoboa vitumba na kula vya ndani. Ila asikudanganye mtu kwamba ni wa pamba tu. Huyo huyo ndiye anayetoboa nyanya, anayeingia kwenye mahindi kupitia ndevu, anayemaliza dengu na mbaazi zikiwa bado kwenye maganda. Mtama na alizeti navyo vimo. Kwa hiyo ukivuna nyanya ukapanda dengu palepale, hujamkimbia, umembadilishia menyu tu!

ANAVYOISHI
Mama yake ni nondo (siyo zile za kujengea, jamani), anaruka usiku. Jike moja hutaga mamia ya mayai, pengine zaidi ya 1,000, tena moja moja, huku na kule. Penye joto yanaanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5. Funza anakula wiki 2 hadi 3, kisha anashuka ardhini, anageuka pupa, halafu anatoka nondo mpya. Usimtambue kwa rangi: wapo wa kijani, wa kahawia, hata weusi.

PESA INAPOPOTELEA
Wengi wanasubiri waone matundu ndipo wapulize dawa. Hapo mmechelewa. Akishazama ndani ya tunda, dawa inaishia kwenye ganda, yeye anaendelea kula. Halafu kupuliza sumu ya aina moja kila mara kunamjengea usugu. Na kubadili chupa siyo kubadili dawa: majina mawili tofauti yanaweza kuwa na kiambato kilekile. Soma lebo.

CHA KUFANYA
1. Kagua shamba mara kwa mara, hasa mimea ikianza kutoa maua. Tafuta mayai na funza wadogo.
2. Okota funza na matunda yaliyotobolewa, uyateketeze.
3. Ukishavuna, lima. Pupa wakifukuliwa, jua na ndege watamaliza kazi.
4. Usipulize hovyo, utaua na wadudu wanaomla.

Wewe uliyeko mjini, nyumbani wakikupigia wanataka hela ya dawa, nakuomba uwaulize kwanza: shamba limekaguliwa lini?

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu, mwageni maoni.