Jazi katika Sinema: Sauti ya Nani, Kamera ya Nani?

Neno jazi si geni masikioni mwa watu wa Afrika Mashariki. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz: bendi zetu za dansi zilibeba jina hilo kwa miaka mingi, ingawa midundo yake ilikuwa na undugu wa karibu zaidi na Kuba na Kongo kuliko Marekani. Jina tulilipokea mapema. Sura za watu waliouzaa muziki wenyewe wengi wetu tulizipata kwa njia ya sinema, na hapo ndipo penye suala tunalotaka kulichambua. Picha ya sinema haizuki yenyewe. Ina kiwanda chake, mtaji wake, wenye mali wake na vibarua wake. Anayetaka kuelewa kwa nini jazi ilionyeshwa kama ilivyoonyeshwa hana budi kuanza kwa kuuliza kamera ilikuwa mali ya nani.

Muziki huo ulizaliwa New Orleans na miji mingine ya Kusini mwa Marekani, miongoni mwa wajukuu wa watumwa: wapakuzi wa meli, watumishi wa nyumbani, wapiga matarumbeta wa maziko na maandamano. Lakini santuri ya kwanza ya jazi, iliyorekodiwa mwaka 1917, ilikuwa ya kikundi cha Wazungu. Sinema ilipopata sauti miaka kumi baadaye, mambo yalikwenda vivyo hivyo.

Tarehe 6 Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilizindua mjini New York filamu iitwayo The Jazz Singer, yaani Mwimbaji wa Jazi. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuwasikilizisha watazamaji nyimbo na maneno yakiendana na midomo ya wachezaji. Shujaa wake, Al Jolson, ni kijana wa Kiyahudi anayeiacha njia ya baba yake, mwimbishaji wa sala, ili aimbe jukwaani. Na ili aimbe, anajipaka uso rangi nyeusi. Desturi hiyo haikuanzia kwake. Tangu karne ya 19 Wazungu wa Marekani walikuwa wakijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa na kupanda jukwaani kuwadhihaki watumwa. Jazi yenyewe katika filamu hiyo ni haba mno. Hivyo tangu siku ya kwanza ya sinema ya sauti, jina la muziki wa watu weusi lilikuwa juu ya mlango, na ndani ya nyumba alikuwamo mtu aliyejipaka rangi. Tukumbuke pia kwamba Jolson alikuwa mhamiaji kutoka jamii iliyodharauliwa. Ngazi aliyoipanda ili akubalike iliegemezwa juu ya mgongo wa mwingine aliyedharauliwa zaidi. Hizo ndizo hila za ubaguzi.

Mwaka 1929 zilitolewa filamu mbili fupi, zote zikiongozwa na Dudley Murphy, ambazo hatuna budi kuzisimamia kidogo. Ya kwanza ni St. Louis Blues, yenye urefu wa dakika kama 16. Ndani yake yumo Bessie Smith, mwimbaji mkuu wa buluzi wa zama zake, na hakuna filamu nyingine tuliyoachiwa inayomwonyesha akiimba. Hadithi ni ya kuaibisha: mwanamke anapigwa na kuibiwa na mwanamume wake, kisha anaegemea baa na kulia kwa wimbo. Weusi wa filamu hiyo ni wacheza kamari, walevi na malaya. Lakini Bessie anapofungua kinywa, na kwaya nzima ya wanywaji inapomjibu, hadithi ile ya ovyo inasahaulika kabisa. Mama huyo alikufa Septemba 1937 baada ya ajali ya gari huko Mississippi. Tusingekuwa na dakika hizo chache, leo tungeisikia sauti yake kwenye santuri bila kujua alisimamaje au alitazamaje. Kwa hiyo hatuwezi kuitupa filamu hiyo, na hatuwezi kuisifu pia.

Ya pili, Black and Tan, inamwonyesha Duke Ellington akiwa mtunzi nadhifu anayefanya kazi kwenye piano yake, asiye na fedha lakini mwenye heshima. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo filamu haikuanza bila vichekesho vya weusi wawili wasiojua kusoma, waliotumwa kuja kuichukua piano hiyo kwa sababu ya deni.

Mwaka uliofuata wenye mitaji walisema waziwazi walichokuwa wakikifikiri. Kampuni ya Universal ilitengeneza filamu ya rangi iliyoitwa King of Jazz, Mfalme wa Jazi, na mfalme mwenyewe alikuwa Paul Whiteman, Mzungu kiongozi wa okestra. Mwishoni kuna chungu kikubwa cha kuyeyushia mataifa. Waitaliano, Waskoti, Warusi, Wahispania na wengineo wa Ulaya wanaingia na ngoma zao, na ndani ya chungu inatoka jazi. Mwafrika hayumo. Historia nzima ya watu imefutwa kwa onyesho moja la dakika chache, tena kwa rangi za kupendeza.

Mwaka huohuo wa 1930 kampuni ya RKO ilitoa Check and Double Check. Wachekeshaji wake wakuu walikuwa Wazungu wawili wa redio waliojipaka weusi. Bendi ya Ellington ilikodiwa ipige katika karamu ya matajiri. Basi wakubwa wa kampuni wakagundua tatizo. Juan Tizol, mpiga tromboni kutoka Puerto Rico, na Barney Bigard, mpiga klarineti wa New Orleans, walikuwa na ngozi nyeupe kiasi kwamba huko Kusini wangedhaniwa ni Wazungu wanaopiga pamoja na weusi. Wakapakwa rangi wawe weusi zaidi. Ndugu msomaji, tafakari: katika filamu moja, Wazungu wanapakwa weusi ili watu wacheke, na wanamuziki wa kweli wanapakwa weusi ili mpaka wa rangi usivukwe. Rangi ile ilitoka kwenye kopo moja.

Louis Armstrong naye mwaka 1932 alivishwa ngozi ya chui na kusimamishwa ndani ya povu la sabuni, apige tarumbeta katika nchi ya kuchekesha inayoitwa Jazmania. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali. Sisi tunaona lawama hiyo inaanzia mahali pasipofaa. Kibarua hachagui sare ya kiwanda. La kuangaliwa ni alichokifanya akiwa ndani ya sare hiyo, na anayesikiliza tarumbeta ile atasahau ngozi ya chui.

Wakati wa vita kuu ya pili kulikuwa na mashine zilizowekwa katika baa na mahoteli ya Marekani. Mtu alitia sarafu ya senti 10 akaona filamu ya wimbo mmoja, dakika tatu hivi, bila kuweza kuchagua ni upi. Filamu hizo ziliitwa Soundies, na kati ya 1940 na 1946 zilitengenezwa kwa mamia. Zilikuwa biashara ndogo, za gharama nafuu, na kwa sababu hiyo zilifungua mlango kidogo: wanamuziki weusi wengi ambao Hollywood haikuwataka wanaonekana humo. Huko Hollywood kwenyewe kampuni ya MGM ilimwajiri Lena Horne, lakini mara nyingi alisimamishwa aimbe peke yake, pembeni ya hadithi, ili wenye sinema wa Kusini waweze kumkata bila filamu kuharibika. Mkasi ulikuwa umekwisha kuandaliwa kabla ya kamera kuwashwa.

Filamu fupi nzuri kuliko zote za miaka hiyo ni Jammin' the Blues ya 1944. Aliiongoza mpiga picha Gjon Mili, mzaliwa wa Albania, na katika dakika zake kumi hakuna mtumishi wala mchekeshaji. Ni watu kazini: moshi, kofia ya Lester Young, vidole juu ya saksafoni. Lakini hata hapo mkono wa kampuni ulifika. Mpiga gitaa Barney Kessel alikuwa Mzungu pekee kikundini, na Warner Bros. haikutaka kuonyesha mchanganyiko. Akawekwa gizani, na mikono yake ikapakwa maji ya matunda iwe myeusi. Mwaka huohuo Lester Young aliitwa jeshini, na mwaka 1945 akahukumiwa na mahakama ya kijeshi na kufungwa huko Georgia. Filamu ile ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar.

Televisheni ilipokuja, mmiliki mwingine aliongezeka, yaani mtoa matangazo ya biashara. Nat King Cole, aliyeanza kama mpiga piano hodari wa jazi, alipewa kipindi na NBC Novemba 1956. Miezi michache kabla, mwezi Aprili, alikuwa ameshambuliwa jukwaani mjini Birmingham, Alabama. Kipindi kilipendwa, na waimbaji wakubwa walikuja kumsaidia kwa malipo madogo. Hata hivyo hakuna kampuni iliyokubali kukidhamini nchi nzima, kwa kuogopa wateja wa Kusini. Desemba 1957 kikafungwa.

Miaka hiyohiyo Afrika iliingia katika habari hii. Mei 1956 Armstrong alifika Accra akifuatwa na kamera za CBS, na filamu iliyotoka mwaka uliofuata, Satchmo the Great, inamwonyesha Kwame Nkrumah akisikiliza. Serikali ya Marekani iliona faida. Nchi iliyowanyima weusi wake kura ingeweza kuwatuma wanamuziki wake weusi waitangaze kuwa nchi ya uhuru. Armstrong hakuwa mjinga. Septemba 1957 watoto weusi walipozuiwa kuingia shuleni Little Rock, alikataa hadharani safari ya Urusi iliyokuwa ikipangwa na serikali. Lakini mwaka 1960 alisafiri tena Afrika kwa udhamini wa serikali hiyo, na mwanzoni Pepsi-Cola pia. Alifika Léopoldville tarehe 28 Oktoba. Mjini humohumo Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake chini ya ulinzi. Wapiga picha walipiga furaha ya uwanjani. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga Elisabethville, katika Katanga iliyojitenga, na ni Katanga ambako Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961.

Mwaka 2024 mtengenezaji filamu wa Kibelgiji, Johan Grimonprez, alizichukua picha hizo za zamani na kuzipanga upya katika filamu ndefu, Soundtrack to a Coup d'Etat. Tarumbeta ya Armstrong imewekwa kando ya njama za Brussels na Washington, na vilivyotenganishwa mwaka 1960 vinaonekana pamoja. Imechukua zaidi ya miaka 60.

Ndani yake yamo maandamano ya tarehe 15 Februari 1961, katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ya kupinga mauaji ya Lumumba. Miongoni mwa walioyapanga walikuwa mpiga ngoma Max Roach na mwimbaji Abbey Lincoln. Abbey alikuwa amekwisha kuonekana katika sinema. Mwaka 1956, katika The Girl Can't Help It, aliimba akiwa amevaa gauni ambalo Marilyn Monroe alilivaa katika filamu ya 1953, kwa kuwa ndivyo wenye filamu walivyotaka atazamwe. Miaka mitano baadaye kamera za habari zilimkuta New York miongoni mwa waandamanaji, akipiga kelele kwa ajili ya Mkongo aliyeuawa. Gauni lile, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa amelitia motoni.