Mgonjwa wa India Kati ya Fidia na Jinai

Bunge la India lilipopitisha Sheria ya Kumlinda Mlaji mwaka 1986, lilianzisha mabaraza ya ngazi tatu, ya wilaya, ya jimbo na ya taifa, ambako aliyeuziwa bidhaa mbovu au kupewa huduma hafifu angeweza kudai fidia kwa utaratibu mfupi, hata bila wakili. Sheria hiyo haikuwataja madaktari, na hivyo ukazuka ubishi mrefu kuhusu iwapo mgonjwa naye ni mlaji.

Mahakama ya Juu ya India iliumaliza ubishi huo tarehe 13 Novemba 1995, ilipozikataa hoja za Chama cha Madaktari cha India na kuamua kwamba matibabu yanayolipiwa ni huduma. Hospitali inayomtibu kila mtu bure iliachwa nje, lakini pale inapowatoza baadhi na kuwasamehe wengine, hata maskini asiyelipa chochote alipewa haki ya kudai, kwa kuwa majaji hawakukubali kwamba sheria iwalinde wenye fedha peke yao.

Njia ya jinai nayo ilikuwa wazi, kwani kifungu cha 304A cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia aliyesababisha kifo kwa uzembe kifungo cha hadi miaka 2. Mipaka yake iliwekwa katika rufaa ya jinai, yaani ombi la kupitiwa upya uamuzi wa mahakama ya chini katika shauri la kosa, iliyotoka Punjab, ambako mgonjwa alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kukutwa mtupu. Tarehe 5 Agosti 2005, Mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu R. C. Lahoti ilifuta mashtaka dhidi ya daktari, ikieleza kwamba uzembe wa jinai lazima uwe mkubwa mno, na ikawataka polisi kupata kwanza maoni ya daktari asiyehusika.

Kanuni mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ilipandisha kifungo hicho hadi miaka 5, ila ikabakiza miaka 2 kwa daktari aliyesajiliwa akiwa katika kazi ya tiba. Kwa kuwa mlango wa jinai umefanywa mwembamba kwa sababu nzito, haki ya familia iliyofiwa inategemea zaidi mabaraza ya walaji, na yakidhoofishwa, uzembe usiofikia jinai hautakuwa na wa kuuwajibikia.