Chuma nacho huchoka

Leo nawawekea historia kidogo, ila si ya vita wala wafalme.

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Alexander L. Kielland, jukwaa la chuma la miguu mitano, lilikuwa hosteli ya wafanyakazi wa mafuta. Mguu mmoja ukakatika, jukwaa likapinduka. Walikuwemo watu 212, wakafa 123.

Utasema ni dhoruba. Lakini wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, kwenye bomba lililoushikilia ule mguu, pale kilipochomelewa kifaa kidogo cha kusikilizia sauti majini. Rangi hupakwa kiwandani jamani! Yaani ufa ulianza kabla jukwaa halijakabidhiwa mwaka 1976. Mawimbi yakaupanua kidogo kidogo. Huo ndio uchovu wa chuma: mapigo madogo, ila mengi.

Sasa angalia mitambo ya umeme wa upepo baharini. Mingi imesimama juu ya bomba nene la chuma lililopigiliwa chini ya bahari kwa nyundo kubwa, mara mamia hadi maelfu. Kila pigo linakula umri wa mishono iliyochomelewa, kabla hata pangaboi halijazunguka. Kwa hiyo wahandisi huyahesabu mapigo hayo na kuyatoa kwenye umri wa nguzo.

Walimu watarajiwa wenzangu, tutawafundisha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wale 123 hapakuwa na ukuta wa kujenga tena. Ufa utafutwe siku ileile ya ujenzi.